Kipandauso si malaria: nilivyopata matibabu Bukavu

Kwa muda mrefu, kila nilipoumwa kichwa jibu lilikuwa moja: malaria. Nikiingia dispansari ya mtaa huku Kadutu, kabla sijaketi nimeshaandikiwa dawa. Kipimo kikikataa malaria, basi ni tifoide. Magonjwa hayo tunayo, sibishi. Lakini malaria gani isiyo na homa, inayokamata upande mmoja wa kichwa, inaondoka yenyewe na kurudi wiki ijayo?

Mimi ni fundi cherehani, dalili ya kwanza naionea kwenye sindano. Nashona pindo la kikwembe, mara nusu ya kitambaa inamezwa na mwanga unaometameta kama meno ya msumeno. Baada ya nusu saa hivi unazimika, kichwa kinaanza kugonga, na harufu ya visamaki vya sambaza vya jirani inatosha kunitapisha.

Mama mkwe alinipeleka kwenye chumba cha maombi. Niliombewa, nashukuru, ila waliponiambia nifunge nilikataa: kwangu njaa ndiyo inayokiita kichwa.

Aliyenielekeza ni mteja wangu, muuguzi, nikimpima gauni. "Mama, hicho ni kipandauso. Nenda SOSAME." Nyumbani ikawa maneno, kwa sababu ni kituo cha magonjwa ya akili, na kwa watu wetu anayepita lango lile ni kichaa. Mume wangu akauliza watu watasema nini. Nikamwambia waseme, anayetapika ni mimi.

Daktari aliniuliza maswali mengi, akanigonga magoti kwa nyundo ndogo, akanimulika macho, akanitembeza. Nilikuwa tayari kukopa pesa za skana. Akasema kwa hali yangu haihitajiki. Ingekuwa lazima kama maumivu yangelipuka ghafla kuliko yote niliyowahi kuyapata, au mkono ungelegea, au ningekuwa na homa na shingo iliyokakamaa. Kisha akauliza natumia uzazi wa mpango gani. Mwenye kipandauso cha kuona mwanga hafai kumeza vidonge vyenye homoni ya estrojeni, vinaongeza hatari ya kiharusi. Mimi nina kijiti, kisicho na estrojeni, akasema sawa.

Alipohakikisha sina pumu, akaniandikia propranololi ya kila siku kwa ajili ya kuzuia, na ibuprofeni ya kumeza mapema kichwa kikianza. Hiyo ya pili ina mpaka: dawa za maumivu za aina hiyo zikifika siku 15 kwa mwezi, miezi mfululizo, zenyewe zinaleta kichwa. Kwenye farmasi muuzaji alinishangaa: "Mama, hii ni ya presha!" Nikamwambia najua, nipe.

Mwanzoni nilichoka ovyo na vidole vya miguu vikawa baridi. Niliambiwa nisiihukumu dawa kabla ya miezi miwili mitatu, nikavumilia. Kichwa bado kinakuja, ila mara chache, na nikimeza mapema na kulala gizani, jioni naweza kurudi kwenye cherehani. Propranololi siiachi ghafla hata nikijisikia mzima, kwa kuwa moyo unaweza kusumbuka; siku ya kuiacha, daktari ataipunguza kidogo kidogo.

Juzi mama mkwe aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama SOSAME wanapokea pia wenye kifafa. Wanapokea. Tunampeleka mtoto wa dada yake.