Mwani wa Jungutbatu na haki ya kumiliki

Kilichonipokea Jungutbatu, kabla ya mtu yeyote, kilikuwa harufu ya mwani unaokauka juani, harufu ileile niliyokulia nayo kijijini Jambiani, Zanzibar. Nilisimama ufukweni kwa dakika kadhaa, begi likiwa begani, nikitafakari kwamba nimevuka Bahari ya Hindi nzima na kuikuta kazi ambayo mama yangu huifanya kila bamvua likiingia. Jungutbatu ni mojawapo ya vijiji viwili vya Nusa Lembongan, kisiwa chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 8 kilichopo kusini mashariki mwa Bali, nchini Indonesia, na boti ziendazo kasi hutumia kama nusu saa kutoka Sanur, kwenye pwani ya Bali. Nilikwenda nikiwa na nia mahususi. Nimefanya kazi Muscat kwa miaka 11, nimejiwekea akiba, na mwenzangu wa kazini alikuwa amenishawishi tutafute kipande cha ardhi tujenge nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Nilikaa wiki tano, na ninaandika haya kwa sababu ndugu na marafiki wengi wameniuliza kama ardhi ya kule inanunulika.

Kwa mgeni, hainunuliki. Haki kamili ya ardhi nchini Indonesia huitwa hak milik, na Mswahili hahitaji mkalimani kuielewa, kwa kuwa maneno yote mawili yalitoka Uarabuni yakasafiri kwenda pande mbili za bahari moja: wao wakasema hak, sisi tukasema haki; wao wakasema milik, sisi tukasema milki. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Msingi ya Ardhi ya mwaka 1960 kinampa haki hiyo raia wa Indonesia. Kifungu cha 26 kinakwenda mbali zaidi, kwani kinasema kwamba mauzo yoyote yenye lengo la kumfikishia mgeni haki hiyo, kwa njia ya moja kwa moja au ya mzunguko, ni batili, ardhi yenyewe inaangukia mikononi mwa dola, na fedha iliyokwisha kupokewa na mwenye ardhi haiwezi kudaiwa tena. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu, na namshauri yeyote mwenye akiba mkononi akisome kabla ya kukata tiketi.

Hata hivyo, siku ya tatu tu tangu nifike, dalali mmoja aliniambia kwa sauti ya upole kwamba ardhi inaweza kuandikwa kwa jina la raia, halafu mimi nikapewa mkataba wa mkopo pamoja na hati ya uwakilishi, na kwamba watu wengi wameishi hivyo kwa miaka bila tatizo. Ninaamini hakuwa akinidanganya kuhusu idadi ya watu. Lakini njia hiyo ndiyo ya mzunguko inayotajwa na sheria, na siku mwenye jina atakapofariki na warithi wake wakaja na hati yao, yule aliyetoa fedha atakuwa hana mlango wa kubisha. Nilimshukuru nikaondoka.

Zipo njia za halali. Mgeni mwenye kibali cha kuishi nchini anaweza kupata hak pakai, yaani haki ya kutumia, kwa ajili ya nyumba ya makazi. Kwa kanuni za mwaka 2021 haki hiyo inaweza kutolewa kwa miaka 30, ikaongezwa 20, kisha ikahuishwa kwa 30 mingine. Kampuni ya uwekezaji wa kigeni inaweza kushika haki ya kujenga, lakini mpango wake wa uwekezaji unapaswa kuvuka rupia bilioni 10 bila kuhesabu thamani ya ardhi na majengo, kiwango ambacho hakimhusu mtu wa vyumba vinne. Inabaki njia ya kukodi kutoka kwa familia, ambayo ndiyo inayotumika sana, na kwa sababu ndiyo niliyoifuatilia kwa karibu, nitaieleza kwa kirefu.

Ardhi ya Bali na visiwa vyake huhesabiwa kwa are, kipimo cha mita za mraba 100, na bei hutajwa kwa are moja kwa mwaka mmoja. Msikilizaji asiye makini hudhani kwamba atalipa mwaka hadi mwaka, kumbe desturi ni kulipa miaka yote kwa mkupuo siku ya kutia sahihi, iwe 25 au 30. Juu ya kodi hiyo kuna kodi ya serikali ya asilimia 10, na mkataba usiposema wazi nani anailipa, ugomvi huanzia hapo. Muda ukiisha, kwa kawaida jengo hubaki kwa mwenye ardhi. Kifungu cha kuongeza muda nacho kinahitaji macho mawili: kipo kinachotaja bei ya baadaye, na kipo kinachosema tu kwamba pande mbili zitakubaliana kwa bei ya wakati huo, na hicho cha pili hakimpi mpangaji ahadi yoyote ya kuishikilia. Kisha kuna suala la nani hasa anayekodisha. Ardhi nyingi ni ya ukoo, ndugu kadhaa wana fungu ndani yake, na kuna viwanja vya hekalu au vya kijiji cha kimila ambavyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuvitoa. Kabla ya fedha kutoka mkononi, mthibitishaji wa hati za ardhi anapaswa kuikagua hati katika ofisi ya taifa ya ardhi, na ndugu wote wanapaswa kuketi na kutia sahihi.

Kuna pia ufukwe wenyewe. Kanuni ya mwaka 2016 inataka kuwepo mpaka wa angalau mita 100 kutoka pale maji makuu yanapofika, japo kila anayetembea Jungutbatu ataona majengo yaliyosimama ndani ya mpaka huo. Kwamba jengo limesimama miaka kumi si ushahidi kwamba litasimama mwaka wa kumi na moja: Julai 2025 serikali ya Bali ilibomoa majengo ya biashara katika ufukwe wa Bingin, kusini mwa kisiwa kikuu, kwa kuwa yalijengwa juu ya ardhi ya dola, na miongoni mwake yalikuwapo yaliyodumu kwa miaka mingi.

Nikiwa katika kuulizauliza huko ndipo nilipoanza kuwatazama wanaokodisha badala ya kuitazama ardhi. Kwetu Zanzibar ardhi ni mali ya umma na mwekezaji hupewa mkataba na serikali. Mwanakijiji analalamika, mara nyingi kwa haki, kwamba yeye hakuulizwa. Lembongan ni familia yenyewe inayokaa mezani na mgeni, ikapokea fedha nyingi kuliko ilizowahi kuziona, mara moja, kisha ikangoja miaka 30. Fedha ile hujenga nyumba, huoza binti, hulipia sherehe ya kuchoma maiti ya mzee ambayo kwa Wahindu wa Bali ni wajibu mkubwa na wa gharama, na ndani ya miaka michache imekwisha. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ya mkataba atakuwa na watoto wake mwenyewe kabla ardhi haijarudi.

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo niliyemwita Ibu, yaani mama, kama wanavyomwita wote, naye aliniita Pak, yaani baba, ingawa ningeweza kuwa mwanawe. Familia yake ilianza kulima mwani katika miaka ya 1980, kabla yetu sisi, maana Paje na Jambiani walianza mwaka 1989. Kazi ni ileile: vigingi, kamba, vipande vya mbegu vinavyofungwa kimoja kimoja, siku zipatazo 45 za kungoja, kisha kuvuna, kuanika na kupakia magunia kwa ajili ya viwanda vinavyotengeneza kigandishio cha vyakula na dawa za meno. Maradhi ni yaleyale pia. Maji yakipata joto kupita kiasi mwani hugeuka mweupe na kukatika. Nilipomwonyesha jinsi mama anavyofunga mbegu, alinichukua kamba mkononi akanionyesha fundo lao, ambalo kwa kweli ni la haraka zaidi. Hata jukung, mitumbwi yao yenye matengo mawili, zingepita kwetu zikaitwa ngalawa, na wataalamu wengi wanaamini kwamba ufundi huo ulitujia kutoka upande wao.

Utalii ulipokua, watu wengi waliacha mwani. Ufukwe uliokuwa uwanja wa kuanikia ukakodishwa, ukajengwa, ukazungushiwa kuta. Halafu ikaja Aprili 2020: Indonesia ikawafungia watalii, boti zikalala, vyumba vikabaki vitupu, na mlango wa Bali ulipofunguliwa tena mwezi Oktoba 2021 ilichukua miezi mingine kabla wageni hawajarudi kwa wingi. Katika kipindi hicho mashamba ya mwani yaliyokuwa yamesahauliwa yalipandwa upya. Bahari ilikuwa bado ipo na hakuna aliyekuwa ameikodisha. Kilichokosekana, aliniambia Ibu, kilikuwa mahali pa kuanikia. Kiwanja cha familia yake cha mbele kilikuwa kimekodishwa tangu zamani, na mwenye hoteli alikuwa kwao, ng'ambo, geti limefungwa kwa kufuli.

Maisha ya kila siku pale ni mazuri kwa mtu mvumilivu. Visima vingi vina maji ya chumvichumvi, simenti na gesi huvuka kwa boti na bei yake huvuka nazo, na ugonjwa mkubwa unamaanisha kwenda Bali. Daraja la manjano lililounganisha Lembongan na kisiwa jirani cha Nusa Ceningan lilianguka Oktoba 2016 likiwa na watu juu yake na likaua. La sasa lilijengwa mwaka uliofuata. Kwa upande mwingine, bahari ya visiwa vitatu, yaani Lembongan, Ceningan na Nusa Penida, ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2010, zaidi ya hekta 20,000, na kila mwaka, katika mwezi mpevu wa mwezi wa nne wa kalenda yao, ipo siku moja ambayo hakuna boti wala mvuvi anayeingia majini, kwa sababu bahari nayo hupewa siku yake ya kupumzika. Jambo hilo lilinigusa sana.

Sikukodi. Kiwanja tulichokipenda, are sita karibu na mikoko, kilikuwa na hati safi na bei tuliyoimudu kwa shida, na ndugu wanne walikuwa tayari kutia sahihi. Nilimwandikia mwenzangu Muscat kwamba fungu langu silitoi, nikamweleza sababu, naye hakukubaliana nami, na ni haki yake.

Usiku ule nilimpigia mama. Kuna mtu amekuwa akikitaka kiwanja chetu cha chini, kile kilicho kando ya maji, na mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza mama akubali tangu mwaka jana. Nilimwomba asitie sahihi karatasi yoyote mpaka nirudi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wao, mwanangu, wanauanika juu ya mchanga au juu ya chanja?" Nikamwambia kwamba Ibu huuanika kando ya barabara, nyuma ya ukuta wa hoteli.