Maua ya vipande vya kitenge yanayosimama bila kulegea

Msimu wa korosho ukishafunguka hapa Mtwara, kuanzia Oktoba, hela inashika mikononi na harusi zinafuatana. Kila harusi ina sare yake, na kila sare inaacha vipande kwa fundi. Vipande hivyo ndivyo ninavyotengenezea maua ya vibanio vya nywele, ya pini za kifuani na ya kufungia mapazia. Mtu akivaa gauni la sare na ua la kitambaa kilekile kichwani, amependeza haswa.

Nilimfuata fundi wa mtaani kwetu Chikongola nikamwomba. "Chukua tu dada, mimi hivi nafutia mafuta ya cherehani," akaniambia. Siku hizi ananiwekea kwenye kiroba, na akiletewa gauni la mtoto, ua la kifuani natoa mimi.

Kinachosumbua ni pamba. Ukiuliza namna ya kutengeneza maua ya kitambaa, wengi watakwambia satini na mshumaa: pitisha ukingo wa petali karibu na moto, utayeyuka kidogo, utajikunja, na nyuzi hazitachomoka tena. Hiyo ni kwa sababu satini nyingi ya madukani ni poliesta. Kitenge cha pamba hakiyeyuki, kinaungua. Na kwa kuwa vitenge vingine vimechanganywa, mimi huchomoa uzi mmoja nikauchoma kwanza. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukijikunja ukawa kidonge kigumu, kina poliesta, mshumaa unakifaa.

Pamba naitia wanga wa muhogo. Bibi yangu wa Mikindani alikuwa akitia wanga kanzu za babu, kola inasimama mpaka jioni, kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Unakuna muhogo mbichi, unauchuja kwenye maji, unayaacha yatulie mpaka ule unga mweupe ukae chini, kisha unamwaga maji na kuanika. Kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha maji, unakoroga kwenye baridi kabla ya kuinjika, la sivyo utafanya mabonge. Ukishakuwa uji mwepesi unaong'aa, chovya kipande, kamua, kianike kivulini kikiwa kimenyooshwa, kisha pasi.

Ndipo nakata. Ua rahisi ni duara tano. Kila duara nalikunja nusu, kisha nusu tena, napitisha uzi kwenye ukingo wa mviringo kwa mishono mirefu, naziunga zote tano kwenye uzi mmoja, navuta, nafunga fundo. Petali zinajiumua zenyewe, na kingo zote zimefichwa katikati, chini ya kifungo nilichokivika kitambaa. Waridi ni tofauti: linataka utepe uliokatwa hanamu, yaani mshazari, maana hanamu haichomoki nyuzi kwa urahisi na inakubali kupinda. Nyuma naweka duara la jinzi kuukuu, ndipo nashonea pini. Gundi peke yake siiamini kwenye joto letu.

Masika ndiyo mtihani. Hewa ikiwa na unyevu, wanga unalegea na petali zinainama, na mende nao wanaupenda. Kwa hiyo maua yaliyokamilika nayaweka kwenye kopo la bati lenye mfuniko, na kila petali ya nje naipa uji wa pili, mzito kidogo, kwa brashi.

Bi harusi namtengenezea asumini za popolini nyeupe, ndogondogo, za kusokota kwenye waya mwembamba wa kufungia nondo. Asumini halisi hunyauka haraka. Hizi anabaki nazo. Kibanio nauza shilingi 1,500, jozi ya kufungia pazia 8,000. Kila mteja namwambia asilifue ua kwa kulisugua: likichafuka, alichovye kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, alisuuze, akilete kibanio chake nikitie wanga upya. Hiyo siitozi.