Vinne, Vimekwisha

Ripoti za muhula zimetoka. Mtoto wetu wa pili, yule wa maswali mengi, kaja na yake imekunjwa ndani ya daftari la Sayansi na kuniwekea mezani kabla sijavua viatu. Masomo hayana shida. Hisabati imepanda, Kiswahili kiko pale pale. Shida iko chini, kwenye lile jedwali la tabia na mwenendo ambalo wazazi wengi tunaliruka: usafi, ushirikiano, heshima, utunzaji wa mali. Mwalimu wa darasa kaandika kwa peni nyekundu: "Nidhamu ya wastani. Aongeze."

"Baba, inaongezwaje?"

Nikamjibu kama baba yeyote aliyetoka kwenye foleni ya Mbagala: kamuulize mama yako. Akaenda. Mimi nikabaki na karatasi mkononi, na niseme kweli, sikuwa namfikiria mtoto tena. Nilikuwa namfikiria Kifungu.

Kifungu alikuwa mwalimu wetu wa nidhamu nikiwa kidato cha tatu, mwaka 2006, kwenye shule moja ya bweni ya Nyanda za Juu. Jina tulimpa sisi. Ukichelewa paredi, kulikuwa na kifungu. Usipochomekea shati, kifungu. Mwanzoni mwa muhula alisimama kwenye mlingoti wa bendera akatusomea kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zote, shule nzima ikiwa imesimama kwenye ile baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Kwamba anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa kibali chake kwa maandishi, tena kwa kila tukio. Kwamba viboko visizidi vinne. Kwamba ni mkononi au makalioni, juu ya nguo. Kwamba msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kwamba kila adhabu iandikwe kitabuni.

Tulicheka chini kwa chini. Baadhi ya walimu nao walicheka, wao bila hata kujificha. Sote tulitoka shule za msingi ambako hesabu ya viboko iliishia pale mkono wa mwalimu ulipochoka.

Nidhamu yenyewe ilihubiriwa na kila mtu pale. Mgeni rasmi wa mahafali aliihubiri huku amechelewa saa tatu. Patroni wa bweni aliihubiri huku ananuka ulanzi. Hata mpishi, ukisogeza sahani kabla ya zamu yako, alikwambia huna nidhamu, na jioni maharage yetu yakatoka getini yamefunikwa makoko kwenye ndoo ya nguruwe wake. Tulikuwa wadogo lakini hatukuwa vipofu. Tulichojifunza mapema ni kwamba nidhamu ni kitu ambacho aliye juu humdai aliye chini.

Sasa ule usiku. Mwaka ule, kama mnakumbuka, bwawa la umeme la Mtera lilikauka na nchi nzima ikaishi kwa ratiba ya mgao wa umeme. Jenereta ya shule ilipata dizeli siku za wageni tu. Prepo tulisoma kwa chemli, na mimi kama kiranja wa bweni nilikuwa na yangu, yenye kioo kilichobandikwa plasta. Chemli hiyo ndiyo iliyonifikisha karibu. Ningekuwa mtu wa kawaida ningeishia nyuma kabisa kwenye umati, nikisikia kelele tu.

Kelele zilitoka bweni la kidato cha pili. Mtoto mmoja amekutwa kwenye tranka la mwenzake. Nusu kilo ya sukari ilikuwa mikononi mwake. Elfu kumi na tano ya nauli ya kurudia nyumbani haikuonekana, lakini nani angeuliza? Nilipofika walikuwa wameshamwanza. Wakamburura mpaka mlingotini, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Mwalimu wa zamu akatokea na kipande cha mpira wa maji, akakunja mikono ya shati taratibu, mkono mmoja kisha wa pili.

"Leo utaijua nidhamu."

Shule ikashangilia kama timu imefunga.

Kifungu akaja kutoka nyumba za walimu, kikoi chini, sweta juu, kaunta buku kwapani. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu wakampisha, akafika, akaniambia neno moja: "Mwanga." Nikainua chemli.

Akafungua kitabu, akakiegemeza kwenye goti, akaanza kuandika tarehe. Peni ikagoma. Akaichora kiganjani, ikagoma. Akaipulizia pumzi, akaichora tena, ikatoa. Watu wanazomea, mwalimu wa zamu amesimama na mpira wake, na huyu mtu anahangaika na peni.

"Majina matatu," akamwambia yule mtoto.

Mtoto akataja. La tatu hakulisikia, akarudishwa alitaje upya, herufi kwa herufi.

"Kosa?"

"Mwizi!" shule nzima ikajibu.

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza amefanya nini." Akaandika, na nilisoma kwa sababu mwanga ulikuwa wangu: *amekutwa na sukari nusu kilo isiyo yake.* Elfu kumi na tano hakuiandika. Mwenye tranka akalalamika. Kifungu akamuuliza, "Umeiona kwake?" Akanyamaza.

Halafu akafunga kitabu. Mkuu wa shule yuko mjini, akasema, atarudi asubuhi. Hakuna kibali, hakuna kiboko. Mtoto atalala ofisini na mlinzi.

"Mwalimu, unatuangusha mbele ya watoto," mwalimu wa zamu akamwambia, kwa sauti ya chini ambayo tuliisikia wote.

"Mbele ya watoto ndipo pa kutoanguka," Kifungu akajibu, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Nikawafuata na chemli maana njia ilikuwa na mashimo. Nyuma yetu jiwe likagonga bati la ofisi ya walimu. Hakugeuka. Mimi niligeuka.

Asubuhi mkuu alishuka kwenye Coaster ya kwanza, akasaini karatasi amesimama, mkoba ukiwa bado begani. Kengele ikagongwa. Paredi. Kifungu akasoma alichoandika usiku, neno kwa neno, halafu akasoma kibali, halafu fimbo. Mtoto akainama, mikono magotini.

"Kimoja."

Alihesabu kama mtu anayepokea magunia stoo. Hakuvuta nguvu, wala hakubembeleza. Kilisikika na kiliuma.

"Viwili. Vitatu."

Baada ya cha nne akasema, "Vinne. Vimekwisha. Inuka."

Mtoto hakuinuka.

Nilikuwa mstari wa mbele na viranja wenzangu, kwa hiyo niliona vizuri. Shati limechomoka, shingoni alama za usiku, za wenzake, zimevimba kidogo. Misuli ya miguu inatetemeka. Macho kayafumba kwa nguvu mpaka pua imejikunja. Mkono mmoja uliachia goti ukaanza kwenda nyuma kujikinga, ukaghairi, ukarudi gotini.

Sote tulijua anasubiri nini. Kuna kiboko kisichohesabiwa, na aliyesoma shule zetu anakijua. Unaambiwa inuka, ukiinuka unaongezwa kimoja, cha kukusindikiza. Mwalimu anacheka, darasa linacheka, na wewe unatakiwa ucheke. Tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kumwambia vimekwisha na vikawa vimekwisha kweli. Alikuwa anangoja cha tano akiwa ameinama, kwa sababu ukiwa umeinama angalau kinakupata pale ulipojiandaa.

"Kijana. Vimekwisha."

Kimya. Mtu nyuma akacheka, akanyamazishwa.

Kifungu akaiweka fimbo kwapani, akaona haitoshi. Akaiweka chini, kwenye changarawe. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akafunga mikono mgongoni, akasimama. Hakusema tena. Mkuu wa shule akatazama saa. Tukasimama hivyo, shule nzima na walimu wake, tukimngoja mtoto mmoja aamini. Ukungu ulikuwa bado umelalia uwanja wa mpira. Vidole vyangu vya miguu vilikufa ganzi, na sikuthubutu kuvisogeza.

Jicho moja likafunguka. Likaiona fimbo chini. Likamtafuta Kifungu, likampata mbali. Ndipo akanyanyuka, polepole, kwa vipande, akajichomekea shati. Kifungu akamletea kaunta buku asome mwenyewe kama kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Akasoma. Akatikisa kichwa kukubali. Paredi ikavunjwa.

Yaliyofuata ni machache. Shule iliona imeibiwa mara ya pili: "Vinne tu!" Elfu kumi na tano haikupatikana. Mtoto alinyimwa salamu miezi kadhaa, akavumilia. Mpira wa maji wa mwalimu wa zamu uliendelea na kazi yake usiku mwingine, bila kitabu wala chemli ya mtu.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kama sifa. Mwaka 2018, yule mwanafunzi wa darasa la tano wa Bukoba alipokufa baada ya kupigwa na mwalimu, niliwaambia watu kazini habari za Kifungu. Oktoba 2019, mkuu wa mkoa wa Mbeya alipowachapa wanafunzi wa sekondari kwa mkono wake mbele ya kamera na Rais Magufuli akampongeza, nikaisimulia tena. Kwenye kanuni zile hakuna mahali palipoandikwa mkuu wa mkoa, na najua kuna mtu mmoja angesimama kwenye ule mstari akauliza kifungu. Nilijivunia kwamba katika wote walionihubiria nidhamu, mmoja ilimbana yeye kwanza. Nidhamu ya woga tunayo ya kutosha. Iko maofisini, tunasimama bosi akipita na kumsema akishapita.

Mke wangu aliisikia mara ya kwanza akiwa anachambua mchele. Akasema, "Kwa hiyo mtoto alichapwa kwa utaratibu." Akaendelea kuchambua. Sikuwa na jibu, na bado natafuta. Sukari nusu kilo. Hakuna aliyemuuliza mtoto yule kama kwao walikuwa wanakula, Kifungu akiwemo. Kwenye kaunta buku hakukuwa na safu ya swali hilo.

Halafu mwaka 2023 nikakutana naye Msamvu, Morogoro, basi letu limesimama kwa chakula. Nilimtambua kwa namna alivyokaa, wima, mkoba wa plastiki magotini. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Hakunikumbuka, na hakujifanya kunikumbuka. Nikamnunulia chai, nikamsimulia usiku ule: chemli, sukari, peni iliyogoma, mtoto asiyeinuka. Alisikiliza kwa adabu. Hakuukumbuka. Kitabu alikikumbuka. Alipohamishwa alikikabidhi kwa saini, na nakala ya hati ya makabidhiano anayo nyumbani.

"Lakini mwalimu, kwa nini vinne tu? Siku ile sote tulitaka damu."

Akanitazama kana kwamba sikuwa mwanafunzi wake.

"Kanuni ilisema vinne."

"Ingesema arobaini?"

"Ningechapa arobaini," akasema. "Na ningeviandika."

Akanywa chai. Kisha akafungua mkoba kunionyesha kilichomtoa nyumbani: kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Miaka yote alipiga hesabu za mkupuo wa asilimia 50, kastaafu akakuta ni 33. Alikuwa na nakala ya kila kitu, amepiga mstari kwa peni ya bluu, na alitaka mimi niliyetoka Dar nimwambie barua inapelekwa dirisha gani, maana ofisi aliyokwenda walimwambia arudi Jumatatu, na Jumatatu wakamwambia arudi Alhamisi. Nikamweleza nilichojua, ambacho ni kidogo. Honi ya basi ikalia, nikatoa hela ya chai na maandazi. Mama ntilie akanirudishia chenji, na Kifungu akamuuliza risiti iko wapi.