Sufuria ya ndizi niliyoilaza kitandani

Wa kwanza kunivuruga alikuwa shoga yangu wa Soweto, hapahapa Mbeya. "Pika pilau bwana, nani asiyekula pilau?" Nikamtazama tu. Wageni wangu wa Jumamosi ile walikuwa mjomba wa mume wangu, mwenye sukari na presha. Rafiki yake wa kazini, Muislamu, na mkewe. Jirani yetu Msabato. Na wifi yangu na mwanawe wa miaka 4 ambaye akigusa karanga midomo inavimba kama kang'atwa na nyuki. Shoga hakukoma: eti karanga zikiiva vizuri hazidhuru.

Hapo nilichukia. Mwaka jana niliyaamini maneno hayohayo, nikaunga majani ya maboga kwa karanga "kidogo tu", tukaishia kwenye bajaji saa nne usiku kuelekea hospitali, mtoto anahema kwa shida. Karanga hata uichemshe mpaka asubuhi ni karanga ileile. Safari hii haikuingia ndani. Hata kinu, ambacho kimetwangiwa karanga tangu niolewe, nilikihamishia kwa jirani. Mboga nikaunga kwa nazi ya soko la Mwanjelwa, ghali kama kawaida, si imepanda gari kutoka pwani.

Sufuria zangu, nisidanganye, zimepika kitimoto, nyama ya nguruwe. Mume wangu mwezi haupiti. Nikanunua mbili mpya na mwiko, elfu thelathini na ushee, na kuku nikachinjiwa na Muislamu palepale sokoni. Kuku huyohuyo Msabato anamla, mjomba anamla, mtoto anamla. Sabato inaisha jua likizama, kwa hiyo nikawaita saa moja na nusu usiku. Majani ya chai na kahawa jirani yangu hagusi, basi nikachemsha mchaichai, sukari kwenye kopo lake.

Chumvi ndiyo iliyoniaibisha. Kwa huruma ya mjomba nilipika mchuzi bila chumvi kabisa, nikakamulia limau. Nikaonja. Maji ya kuoshea vyombo yana ladha kuliko ule mchuzi! Nikakaanga upya vitunguu vingi mpaka vikawa rangi ya kahawia, saumu, tangawizi, nyanya, ukafufuka. Chumvi na pilipili nikaziweka mezani kwenye vibakuli, mwenye afya zake ajinyunyizie.

Sasa, baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Ukipakua huku unaongea, mchuzi unaganda. Na gesi ikaniishia saa kumi na mbili, ndizi za Tukuyu bado ngumu katikati. Nikafunika sufuria, nikaivingirisha kanga mbili, juu yake blanketi zito, nikaipeleka chumbani na kuilaza katikati ya kitanda, mto huku na mto huku kama mzazi. Bibi alikuwa akifanya hivyo kuokoa kuni: chakula kikishachemka sana, joto lake lenyewe linakimalizia.

Nikasahau kumwambia mtu. Mtoto akasinzia, wifi akaenda kumlaza. Tukasikia ukelele: "Wifi! Kitanda chenu kina homa!" Kumbe kaegemea sufuria. Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Nikaifungua mbele yao: mvuke mpaka kwenye dari, ndizi zimeiva laini, hata moja haijapondeka.

Mjomba nilimpakulia wa kwanza, makusudi: nusu sahani mboga, kuku, vipande vitatu vya ndizi. Wali wa Kyela niliuacha umefunikwa, maana harufu ile ikishamfikia daktari anasahaulika. Akala, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akanyoosha kidole: "Na kile kilichofunikwa, mwanangu?" Akapata vijiko viwili. Alitaka vinne.

Kinu bado kiko kwa jirani. Blanketi nimelifua mara mbili, na bado linanukia ndizi.