Hita ya dizeli kwenye hasi 24: mchawi alikuwa waya

Kiruna, kaskazini mwa Sweden. Nje nyuzi hasi 24, ndani ya gari-nyumba 19, na hita imewaka kwa jaribio la kwanza alfajiri tatu mfululizo. Hatimaye!

Mchana hita hii ya kilowati 2 haikuwa na neno. Alfajiri, betri ikishapoa, mchezo ulikuwa uleule: feni inazunguka, pampu inagonga ti-ti-ti, ekzosi inatoa moshi mweupe, kisha kimya. Inajaribu tena, inajizima. Moshi mweupe ni dizeli isiyoshika moto, maana yake mafuta yanafika. Bado chujio likabadilishwa, tanki likajazwa dizeli ya majira ya baridi, wavu wa hita plagi (kijiti cha umeme kinachowasha mafuta) ukasuguliwa masizi. Siku mbili za bure.

Kipimo cha maana ni kimoja: weka mita kwenye soketi ya hita yenyewe, plagi ikiwa inavuta ampea zake 10. Kwenye vichwa vya betri, volti 11.4. Kwenye hita, 10.3. Hita hii hukata ikishuka chini ya 10.5. Volti nzima na ushee imeliwa njiani!

Waya uliokuja na hita ni wa milimita za mraba 1.5, na kwenda na kurudi ni mita 8. Chukua 0.0175 (ukinzani wa shaba: ohmu kwa kila mita ya waya wa milimita ya mraba 1) mara 8, gawa kwa 1.5: ohmu 0.093. Kwa ampea 10 unapoteza volti 0.93. Iliyobaki ilimezwa na kishikio cha fyuzi. Plastiki yake ilishakuwa ya kahawia upande mmoja na mguu wa fyuzi unacheza. Waya wa milimita za mraba 6 kwa urefu uleule unapoteza 0.23 tu. Ndio uliowekwa, na kishikio kipya karibu na betri. Sasa hita inapata 11.1.

Kuhusu vichwa vya waya: koleo la kawaida linaviponda tu, halivibani. Tumia koleo la kubania lenye meno ya pembe sita, kisha vuta kwa nguvu zako zote. Kikichomoka mkononi, kingechomoka barabarani.

Kuwasha kidogo-kidogo usiku kucha kunajaza masizi, kwa hiyo kila siku inapewa nusu saa kwa nguvu zote. Kuzima ni kwa swichi yake, kamwe si kwa kuchomoa fyuzi: feni lazima ipoze chumba cha moto kwanza. Na theluji ifagiliwe mdomoni mwa ekzosi kabla ya kulala, king'ora cha kaboni monoksidi kikiwa kinafanya kazi.

Mpango ulikuwa kuzungushia gari, upande wa chini, sketi ya mabamba ya povu gumu ya kuzuia baridi. Umewekwa kando, kwa sababu valvu ya tanki la maji machafu iliganda tena na sketi haina joto lake yenyewe. Badala yake bomba la hewa moto ya hita, la milimita 60, limepachikwa tawi linaloshuka kwenye kisanduku cha povu kinachofunika tanki na valvu, mbali kabisa na ekzosi. Asubuhi kipimajoto cha kwenye valvu kilisoma 4, na maji yakatoka. Ila kitanda cha nyuma sasa kinapata hewa kiduchu. Tawi linahitaji kilango cha kupunguzia.