Pailoti inawaka, ukiachia kifungo inazimika

Hita za maji zenye tangi, zile za gesi ambazo mara nyingi huwekwa kwenye chumba cha chini ya nyumba huko Marekani na Kanada, nyingi za zamani zina moto mdogo usiozimwa: pailoti. Watu hudhani kazi yake ni kuwasha moto mkubwa maji yakipoa, basi. Kumbe pia inachoma ncha ya thamokapo, na hapo ndipo penye kesi nyingi.

Thamokapo ni kijiti chenye metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikiwa motoni na mkia ukiwa wa baridi, hutoa umeme kiduchu, kama milivolti 20 hadi 30. Umeme huo hupita kwenye waya wa shaba hadi kwenye vali (kifaa kinachofungua na kufunga gesi), ukaipa nguvu sumaku inayozuia springi isifunge gesi. Sumaku hiyo haiwezi kuvuta, inaweza kushikilia tu. Kidole chako kwenye kifungo cha vali ndicho kinachofungua njia, kwa hiyo baada ya pailoti kuwaka endelea kubonyeza sekunde 30 hadi 60. Wengi huachia mapema, kisha wanalaumu hita.

Kabla ya kuwasha upya, zungusha kifungo hadi pa kuzima, subiri dakika 5, halafu nusa mpaka karibu na sakafu, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ukisikia harufu usiguse hata swichi ya taa. Toka, upige simu ukiwa nje.

Ikizimika tena, tazama moto wenyewe. Unatakiwa uwe wa bluu, ukifunika ncha ya thamokapo kiasi cha sentimita moja. Ukiwa wa njano na unayumba, hewa haitoshi au nozeli (tundu dogo la kutolea gesi) ina vumbi na utando wa buibui (buibui wanapapenda sana humo). Moto ukiwa mzuri, kagua nati ya thamokapo pale kwenye vali: kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Ukizidisha unaharibu kiungo.

Bado? Nunua thamokapo mpya, ni kitu cha bei ndogo. Ikikataa hata na hiyo, huenda sumaku ya vali imekufa, na kubadilisha vali ni kazi ya fundi wa gesi.