Suruali ileile, tumbo jingine

Nianze na ushauri ulioniudhi kuliko wote: "Kama suruali ya mwaka wa kwanza bado inakutosha, huna kitambi." Aliyeniambia anasomea mambo ya afya! Suruali ilinitosha kweli, maana nilikuwa naifunga chini ya tumbo. Kiuno hupimwa juu ya hapo, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Niliazima utepe kwa fundi cherehani wa Mabibo, nikajibana. Akacheka: "Kaka, nikishona ulivyojibana hivyo, kesho utarudi nikutanulie." Nilipoachia tumbo, sentimita 98. Kwa mwanamume, 94 tayari ni nyingi.

Zahanati presha ilisoma 138 kwa 88, tena waliirudia baada ya kunikalisha, kwani nilifika nahema kwa kupanda kilima. Sukari kabla ya kula, 5.9 (milimoli kwa lita). Nesi akaniambia wanaangalia mambo matano: kiuno, presha kuanzia 130 kwa 85, sukari kuanzia 5.6, mafuta ya trigliseridi kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri ikishuka. Ukikutwa na matatu, hiyo ni sindromu ya kimetaboliki. Kisukari bado, ila njia yake ndiyo hiyo, na ya moyo pia. Miaka 22, nina matatu, na mafuta hata sijapimwa!

Hosteli kila mtu akawa daktari. Mmoja akaniuzia wazo la siki ya tufaha, limao na tangawizi, unakunywa usiku bila kula. Chupa ilinila kama elfu kumi na kitu. Kiungulia kilichonipata siwezi kukisimulia vizuri; nilikaa kitandani wima kama mlinzi wa benki mpaka adhana ya alfajiri. Mchana njaa ikanipeleka kwa muuza chipsi, nikamaliza chipsi mayai mbili na soda juu yake. Soda moja tu ya chupa ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Siki nikampa jirani, akaosha nayo sinki.

Kilichonisaidia ni ujanja wangu kwa mama ntilie. Ukimwambia "punguza wali" anaona umefulia, anakuongeza kwa huruma. Mimi nikamwambia nalipa bei ileile, nusu ya wali aigeuze mchicha na maharage. "Mwanangu, unaumwa?" Nikasema naoa. Tangu hapo mchicha unamwagika sahanini, na mara kwa mara ananiuliza mahari imefikia wapi.

Asubuhi natembea kutoka Mabibo mpaka chuoni Mlimani. Usiku napanda daladala, sitafuti ushujaa. Badala ya soda ni maji sasa. Vile vinywaji vya kukeshea wakati wa testi niliviacha kwa shida kuliko chipsi, wala msiniamini sana, mitihani haijafika.

Kiuno sasa 91, presha 126 kwa 80. Sukari na mafuta nitapima bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likitoka.